Kutabiri Uchovu wa Metali Iliyochapishwa kwa 3D: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Kompyuta ya Kawaida

Kipande cha chuma kinaweza kubeba mzigo mkubwa mara moja kisitetereke, kisha mzigo wa theluthi yake, ukirudiwa mara milioni, ukakikata. Huo ndio uchovu wa metali. Uchunguzi wake wa kina ulianzia kwenye ekseli za treni: Mjerumani August Wöhler alizifanyia majaribio katika miaka ya 1850 na 1860. Mwaka 1910, mwaka uleule Reli ya Kati ilipofika Dodoma, Mmarekani Basquin alionyesha kwamba ukichora mkazo (nguvu inayobebwa na kila kipande cha eneo) dhidi ya idadi ya mizunguko kwa vipimo vya logi, unapata mstari ulionyooka. Hesabu hizo zinatumika hadi leo.

Lakini zilizaliwa kwenye chuma kilichofuliwa na kuviringishwa, ambacho ndani yake hakitofautiani sana kutoka sehemu moja hadi nyingine. Kipande kilichochapishwa kwa leza juu ya poda kina historia nyingine. Tabaka moja huwa na unene wa mikromita 30 hadi 60, kwa hiyo breketi ya milimita 150 ikichapishwa imesimama kwa tabaka za mikromita 40 ina tabaka 3,750. Kila tabaka ni nafasi ya poda kutoyeyuka vizuri, ya kitundu cha gesi kunaswa, au ya tone la metali kuruka na kutua pasipotakiwa.

Wanafunzi wengi huanza hivi: wanachora kipande, wanachukua namba ya nguvu ya metali kutoka kwenye karatasi ya muuza poda, wanabonyeza kitufe cha kukokotoa na kupata picha yenye rangi nyekundu na bluu. Picha ile ni ya metali isiyo na kasoro, na metali ya namna hiyo haijawahi kutoka kwenye printa yoyote. Kwenye kipande kilichochapishwa, kinachoamua siku ya kukatika ni kasoro moja tu, ile kubwa kuliko zote iliyokaa mahali penye mkazo mkubwa. Kwa hiyo mwongozo huu unatumia muda mfupi kwenye mkazo na muda mrefu kwenye kasoro.

Unachohitaji

Kompyuta yenye RAM ya GB 16 inatosha. FreeCAD ni ya kuchorea. CalculiX ni ya kukokotoa mkazo, na FreeCAD inaweza kuiita moja kwa moja. Ukiwa na Windows, PrePoMax inakurahisishia kazi hiyohiyo. Lahajedwali au Python ni ya hesabu za kasoro. Vyote ni bure. Tumia laptop yenye betri nzima au weka UPS, maana hesabu ya saa mbili ikikatishwa na umeme dakika ya mia na kumi, inaanza upya.

Printa yenyewe si lazima uwe nayo. Faili la mchoro unaweza kulituma kwa mchapaji popote duniani, mradi umuagize akuchapie pia vipande shahidi: vijiti na vimche vidogo vinavyochapwa kwenye sahani ileile, kwa poda ileile, pembeni ya kipande chako. Bila hivyo, nusu ya mwongozo huu haiwezekani.

Mfano tutakaotembea nao

Kanda ya kati ya Tanzania ni nchi ya alizeti, na mashine za kukamua utazikuta Singida, Kongwa hadi viwandani Kizota, Dodoma mjini. Kabla ya kukamua, mbegu hupita kwenye chekecheo linalotingishwa mbele na nyuma. Tuseme kitanda cha chekecheo pamoja na mbegu kina kilo 60, uzito wake umening'inizwa kwenye fito, na msukumo wa mbele na nyuma unapitia breketi nne. Kila breketi imechomoza milimita 150, ina upana wa milimita 20 na unene wa milimita 8 upande unaopinda. Imechapishwa kwa chuma cha pua aina ya 17-4 PH.

Kusema kweli, breketi kama hii fundi wa kuchomelea angekutengenezea kwa bei ndogo sana kuliko printa ya leza. Nimeichagua kwa sababu mzigo wake unaeleweka, na hesabu zake unaweza kuzihakiki kwa kalamu. Hatua zilezile zinafaa kwa impela ya pampu ya kisima au kipande cha nyonga bandia.

Hatua ya 1: Pata mzigo halisi

Usikisie mzigo kama unaweza kuupima. Simu yako ina kihisi cha mchapuko, na programu ya bure iitwayo phyphox, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani, inakuonyesha namba zake. Ifunge simu vizuri kwenye kitanda cha chekecheo (kwa mkanda mzito, si kwa gundi ya karatasi) na urekodi dakika chache mashine ikiwa kazini, kisha urekodi tena inapowashwa na inapozimwa.

Tuseme mashine inatingisha mara 300 kwa dakika, yaani mara 5 kwa sekunde, na kitanda kinasogea milimita 10 kila upande kutoka katikati. Mchapuko wa juu kabisa ni (2 × 3.1416 × 5)² × 0.01, sawa na mita 9.87 kwa sekunde mraba. Zidisha kwa kilo 60, unapata nyutoni 592. Gawa kwa breketi nne: nyutoni 148 kila moja, mbele kisha nyuma.

Sasa hesabu mizunguko. Mara 300 kwa dakika kwa saa 8 ni mizunguko 144,000 kwa siku. Milioni ya kwanza inafika siku ya saba, na milioni kumi inafika kabla ya mwezi wa tatu wa msimu kwisha. Kwa mashine ya aina hii hakuna maana ya kuuliza "itadumu mizunguko mingapi?" Inabidi mkazo ukae moja kwa moja chini ya kikomo cha uchovu, yaani mkazo ambao chini yake kipande hakikatiki hata mizunguko ikiwa mingi.

Uliza pia swali ambalo programu haitakuuliza: boliti moja ikilegea je? Mzigo utagawanywa kwa breketi tatu, na kila moja itabeba nyutoni 197. Andika namba hiyo pembeni, tutaihitaji.

Hatua ya 2: Kokotoa mkazo kwa elementi

Anza kwa kalamu. Mzigo wa nyutoni 148 kwa umbali wa milimita 150 ni momenti ya nyutoni-milimita 22,200. Kizio cha kupinda cha umbo la 20 kwa 8 ni 20 × 8² ÷ 6, yaani 213. Mkazo wa kawaida kwenye shina la breketi ni megapaskali 104. Hii ndiyo namba itakayokuambia kama kompyuta inasema kweli.

Ndipo uchore kwenye FreeCAD. Kompyuta itakigawa kipande katika vijipande vidogo viitwavyo elementi na kukokotoa mkazo wa kila kimoja. Kona ya shina iwe ya mviringo; kona kali kabisa kwenye mchoro ni mtego, kwa sababu kila ukipunguza ukubwa wa elementi, mkazo pale unaongezeka bila mwisho na hutapata jibu. Tumia elementi za pembetatu nne za daraja la pili (kwenye CalculiX zinaitwa C3D10). Zile za daraja la kwanza hukakamaa kwenye kupinda na kukudanganya kwamba kipande ni kigumu. Weka moduli (kipimo cha ukakamavu wa metali) ya megapaskali 196,000 na uwiano wa Poisson (kiasi metali inavyosinyaa ubavuni ikivutwa) wa 0.3.

Meshi, yaani mtandao wa elementi, iwe laini kwenye kona tu, si kipande kizima. Kokotoa, punguza ukubwa wa elementi kwa nusu pale konani, kokotoa tena. Mkazo wa juu ukibadilika kwa chini ya asilimia 2 au 3, umefika. Kwa kona yetu tuseme inasoma megapaskali 160, kama mara moja na nusu ya namba ya kalamu. Inaingia akilini. Ingesoma 600, ningekwenda kuangalia jinsi nilivyofunga boliti kwenye modeli kabla ya kuangalia kitu kingine.

Hifadhi vitu viwili: kimo cha mkazo (nusu ya umbali kati ya mkazo wa juu na wa chini, hapa 160) na mwelekeo wa mkazo mkuu pale konani. Watu husahau huo wa pili, na hatua inayofuata inautegemea.

Hatua ya 3: Zijue kasoro kwa sura zao

Hapa ndipo kazi ilipo, nasi tutakaa.

Kasoro za ndani ni za aina tatu hasa. Kuna vitundu vya gesi, vya mviringo na vidogo, ambavyo mara nyingi hutoka kwenye poda yenyewe. Kuna vitundu vinavyotokea leza inapokuwa na nguvu nyingi kupita kiasi, ikachimba shimo refu kwenye metali iliyoyeyuka, kisha shimo likajifunga chini na kunasa mvuke. Hivi pia huwa na umbo la kuelekea duara. Na kuna ile mbaya zaidi: pengo ambalo poda haikuyeyuka ikashikana na tabaka la chini. Pengo hili limelala kama chapati kati ya tabaka mbili, kingo zake ni kali, na pengine ndani utaona chembe za poda ambazo hazijaguswa.

Ukubwa wa kasoro kwa ajili ya uchovu haupimwi kwa ujazo. Njia ya Yukitaka Murakami wa Japani ni hii: iangalie kasoro kutoka upande ambao mkazo mkuu unavuta, chora kivuli chake kwenye bapa lililo wima kwa mkazo huo, pima eneo la kivuli, kisha chukua kipeuo cha pili cha eneo hilo. Namba unayopata, kwa mikromita, ndiyo ukubwa wa kasoro. Nitaiita kipimo cha kivuli.

Chukua pengo la duara lenye kipenyo cha mikromita 300 na unene wa 40. Mkazo ukivuta kuelekea juu, yaani kutenganisha tabaka, kivuli ni duara zima na kipimo chake ni mikromita 266. Mkazo ukivuta kwa ubavu, kivuli ni duaradufu nyembamba na kipimo ni 97 tu. Kasoro ni ileile, mashine ni ileile, lakini uamuzi wa kukisimamisha au kukilaza kipande wakati wa kuchapa unakaribia kuzidisha ukubwa wake mara tatu. Ndiyo maana ulihifadhi mwelekeo wa mkazo. Kwa breketi yetu, mkazo unavuta kwa urefu wake. Ikichapishwa imesimama, kila pengo liko katika hali mbaya kuliko zote. Ilaze ukiweza.

Kanuni mbili za kuunganisha. Vitundu viwili vikiwa karibu kiasi kwamba nafasi kati yao ni ndogo kuliko kile kidogo, vihesabu kuwa kimoja, pamoja na nafasi hiyo. Kitundu kikiwa karibu kabisa na uso wa kipande, hesabu kama kimefika usoni na ujumlishe ule ukuta mwembamba uliobaki.

Uso wenyewe nao ni kasoro. Kipande kikitoka kwenye printa kina ukwaruzo, na mabonde yake yanafanya kazi ya nyufa ndogo. Ukipima kina cha bonde na umbali kutoka bonde hadi bonde, na kina kikawa zaidi ya takriban humusi ya umbali, kipimo cha kivuli ni 0.38 × umbali. Mabonde ya kina cha mikromita 60 yaliyoachana kwa mikromita 300 yanakupa 114.

Utazionaje za ndani? Njia bora ni CT ya viwandani, yaani picha za eksirei za pande zote zinazoonyesha ndani ya kipande. Ya hospitali haikusaidii: inaona vitu vya karibu nusu milimita na kuendelea, nasi tunatafuta sehemu ya kumi ya hapo ndani ya chuma kinene. Kama CT haipatikani, kata vimche shahidi, vitie kwenye resini, ving'arishe hadi viwe kioo na uvipige picha kwa darubini ya metali. Fahamu tu kwamba mkato mara chache hupita katikati ya kitundu, kwa hiyo unaona vidogo kuliko vilivyo. Njia ya tatu, ninayoiamini kuliko zote, ni kuvunja kijiti shahidi kwa uchovu na kuangalia uso wa mvunjiko. Pale ufa ulipoanzia, kasoro iliyoua inakaa wazi, na huhitaji kubishana na mtu kuhusu ipi ilikuwa hatari.

Mchapaji akikubali kukupa vipimo vya mashine, unaweza kutabiri mapengo hata kabla ya kuchapa. Chukua umbali kati ya mistari ya leza, ugawe kwa upana wa dimbwi la metali iliyoyeyuka, uweke kipeo cha pili. Chukua unene wa tabaka, ugawe kwa kina cha dimbwi, uweke kipeo cha pili. Jumla ikizidi 1, mapengo yatatokea. Mistari ikiachana mikromita 100, tabaka 40, dimbwi lenye upana 140 na kina 90, jumla ni 0.71: salama. Dimbwi likipungua hadi upana 115 na kina 65, jumla inakuwa 1.14. Wachapaji wengi hawatoi vipimo hivi, na siwalaumu. Ndiyo biashara yao.

Hatua ya 4: Tafuta kasoro ambayo hujaiona

Vimche shahidi ni vidogo kuliko kundi la breketi utakazoagiza, na kadiri metali inavyokuwa nyingi ndivyo kasoro kubwa zaidi inavyokuwa kubwa. Kwa hiyo usitumie kubwa uliyoiona. Kadiria ile ambayo hujaiona, kwa takwimu za Gumbel, ambazo hushughulikia thamani kubwa kuliko zote katika kundi.

Gawa metali uliyopima katika mapande yenye ujazo sawa, tuseme mapande 20 ya milimita za ujazo 25. Kutoka kila pande chukua kasoro kubwa kuliko zote, moja tu. Una namba 20. Tafuta wastani na mkengeuko sanifu. Zidisha mkengeuko kwa 0.78 upate kipimo cha mtawanyiko, toa 0.577 ya mtawanyiko huo kutoka kwenye wastani upate kitovu. Wastani ukiwa 68.7 na mkengeuko 19.2, mtawanyiko ni 15 na kitovu ni 60.

Sasa rudi kwenye modeli ya mkazo na uulize: ni ujazo gani wa breketi uliobeba angalau asilimia 80 ya mkazo wa juu? Kwenye shina letu ni kama milimita za ujazo 500, sawa na mapande 20. Kasoro kubwa inayotarajiwa ni kitovu jumlisha mtawanyiko mara y, ambapo y = −ln(−ln(1 − 1/T)) na T ni idadi ya mapande. Kwa breketi moja, T ni 20, y ni 2.97, na kasoro ni mikromita 105. Kwa breketi 100, yaani mashine 25, T ni 2,000, y ni 7.6, na kasoro inapanda hadi 174.

Hakuna kilichobadilika kwenye printa. Mteja ameongeza oda tu, na breketi dhaifu kuliko zote imedhoofika zaidi.

Je, kitundu cha 174 kikiwa chini kabisa ya bonde la usoni la 114? Jumlisha maeneo yao na uchukue kipeuo cha pili: 208. Ninazungusha kwenda juu, 210.

Hatua ya 5: Kutoka kasoro hadi kikomo cha uchovu

Pima ugumu wa Vickers (unaopimwa kwa alama inayoachwa na ncha ya almasi ikikandamizwa) kwenye kimche shahidi baada ya kuchomwa kwenye tanuri, si kabla. Chuma cha 17-4 PH kilichowekwa kwenye nyuzi 552 kwa saa nne (hali iitwayo H1025) huwa karibu na 350. Kisha tumia kanuni ya Murakami:

kikomo = 1.43 × (ugumu + 120) ÷ (kipimo cha kivuli)^(1/6)

Jibu ni kwa megapaskali. Kwa kasoro ya ndani kabisa, weka 1.56 badala ya 1.43. Kwa 210 ya usoni unapata megapaskali 276. Linganisha na chuma hichohicho bila kasoro, ambacho kikomo chake ni takriban 1.6 × ugumu, yaani 560. Nusu ya nguvu imekwenda. Yule aliyechukua namba ya karatasi ya muuza poda anapanga kwa nguvu ambayo nusu yake haipo.

Mipaka ya kanuni hii: ugumu usizidi 400 hivi, na kasoro isizidi takriban mikromita 1,000. Juu ya hapo ichukulie kasoro kuwa ufa kamili na utumie hesabu za ufa.

Kipeo cha 1/6 kinastahili kutafakariwa kidogo. Ukipunguza kasoro kwa nusu, kikomo kinapanda kwa asilimia 12 tu. Kwa hiyo mtu akikuambia akereze uso ili kuondoa ukwaruzo, kokotoa kwanza. Ukikereza unaondoa lile bonde la 114, lakini kile kitundu cha 174 kilichokuwa ndani sasa kiko usoni. Kikomo kinatoka 276 hadi 284. Gharama ya mashine, faida ya megapaskali 8. Kukandamiza kipande kwa joto na gesi yenye shinikizo kubwa kunafunga vitundu vya ndani, ila vile vilivyo wazi kwenye uso havifungi, kwa kuwa gesi inaingia ndani yake. Mpangilio wenye maana ni kukandamiza kwanza, kukereza baadaye.

Hatua ya 6: Usisahau mkazo masalia

Leza inayeyusha nukta moja huku jirani zake zikiwa baridi. Nukta ikipoa inajivuta, inazuiwa, na mkazo unabaki ndani ya kipande bila mtu kukigusa. Tiba ya kawaida ya 17-4 PH ni kuipasha kwanza hadi nyuzi 1,040 na kuipoza, kisha ndiyo ile ya 552. Wapo wanaoruka ya kwanza kuokoa pesa. Hapo mkazo masalia unapungua lakini hauishi.

Tuseme umebaki wa kuvuta wa megapaskali 200 pale konani. Mkazo sasa haupandi na kushuka kati ya +160 na −160, bali kati ya 360 na 40. Gawa wa chini kwa wa juu upate R, hapa 0.11. Zidisha kikomo kwa ((1 − R) ÷ 2) kwa kipeo cha 0.226 + ugumu ÷ 10,000. Kwetu kipeo ni 0.261. Kikomo kinashuka kutoka 276 hadi 223.

Kigezo cha usalama bila mkazo masalia kilikuwa 276 ÷ 160, yaani 1.72. Sasa ni 1.40. Na ile boliti iliyolegea? Kimo cha mkazo kinapanda hadi 213, R inabadilika, kikomo kinakuwa 232, na usalama unabaki 1.09. Kwa mashine itakayotingisha mara 144,000 kwa siku, hiyo sikubali.

Hatua ya 7: Rudi kwenye mchoro

Kabla ya kuongeza unene, angalia mtetemo wa asili (mara ambazo kitu hutetemeka chenyewe kwa sekunde kikigongwa), kwa sababu huenda ukaua ndege wawili. Ukakamavu wa breketi kwa kupinda ni 3EI ÷ L³ (E ni ile moduli, I ni upana × unene³ ÷ 12, L ni urefu wa milimita 150), karibu nyutoni 149 kwa milimita. Kila breketi inabeba sehemu ya kilo 15. Mtetemo wa asili unakuja karibu 15.8 kwa sekunde. Mashine inatingisha mara 5, kwa hiyo unaweza kudhani uko salama. Lakini beringi zikichakaa, mwendo unakoma kuwa laini na unazaa mitetemo midogo ya mara mbili na mara tatu. Mara tatu ya 5 ni 15. Karibu mno.

Ongeza unene wa shina kutoka milimita 8 hadi 10. Mtetemo wa asili unapanda hadi 22, na mkazo unashuka kwa kugawa na 1.56: kutoka 160 hadi 102, na ile hali ya boliti iliyolegea kutoka 213 hadi 136. Rudia hatua ya 6 kwa 136: kikomo ni 218 na usalama ni 1.60. Milimita mbili za chuma zimefanya kazi ambayo kukereza kusingefanya. Ukikokotoa kwa elementi, endesha pia uchambuzi wa mitetemo ya asili kwenye CalculiX, maana kalamu inachukulia kwamba fremu haipindi kabisa, na fremu zetu zinapinda.

Ukibadili umbo, ule ujazo wa asilimia 80 nao unabadilika. Rudi hatua ya 4 haraka uone kama kasoro tarajiwa imehama. Kwa mabadiliko madogo kama haya, mikromita chache tu.

Hatua ya 8: Pale mkazo unapovuka kikomo

Mashine nyingine hazitingishi sawasawa. Zinabeba mzigo mkubwa mara chache, mdogo mara nyingi. Hapo hesabu mizunguko kwa njia ya mtiririko wa mvua, iliyobuniwa na Matsuishi na Endo mwaka 1968 (maktaba za Python zipo), kisha jumlisha uharibifu kwa kanuni ya Miner: kila kundi la mizunguko ligawe kwa idadi ambayo lingevunja kipande peke yake, na jumla isifike 1. Mimi huishia 0.5 kwenye vipande vilivyochapishwa, kwa sababu mzigo mkubwa wa mwanzo huweza kuamsha kasoro ambayo mizigo midogo ingeiacha ilale.

Ukitaka kufuata ufa unavyokua, tumia kanuni ya Paris, ukianza na kipimo cha kivuli kama urefu wa ufa wa mwanzo. Iwe wazi tu kwamba kwa nyufa fupi sana kanuni hiyo inakadiria maisha marefu kuliko yaliyopo, kwani nyufa fupi hukua hata pale kanuni inaposema zimelala.

Hatua ya 9: Vunja vijiti kabla ya kuamini

Modeli isiyogusa jaribio ni makisio yenye desimali nyingi. Mashine ya majaribio ya mizunguko 50 kwa sekunde inafikisha milioni kumi kwa saa 56 hivi, kwa hiyo vijiti vichache vinawezekana ndani ya mwezi. Vianzishe kwenye mkazo ulioutabiri kuwa kikomo. Kikivunjika, shusha kwa kinachofuata, kisipovunjika, pandisha. Kila kilichovunjika, peleka uso wake kwenye darubini, pima kasoro iliyoua, iweke kwenye kanuni ya hatua ya 5 na uone kama kikomo kinacholingana na kasoro hiyo kinakubaliana na jaribio. Kama kasoro zilizoua ni kubwa kuliko zile za takwimu zako, uwezekano mkubwa ni kwamba darubini au CT ilikuwa haizioni, na Gumbel wako anahitaji data mpya.

Breketi zikishafungwa kwenye mashine, kagua kona ya shina kwa dawa ya rangi inayopenya nyufa: mwisho wa wiki ya kwanza, yaani karibu na mzunguko wa milioni moja, na tena kila mwezi wa msimu. Na kila nati ya breketi ikishakazwa, ipigwe mstari mmoja wa rangi unaotoka kwenye nati hadi kwenye breketi. Mstari ukionekana umeachana, zima mashine ukaze, maana kuanzia hapo breketi tatu zilizobaki zinabeba nyutoni 197 kila moja.